Mto Nairobi na Mpango Unaokubali Kurekebishwa

Maji yanayotoka kwenye mfereji wa ploti moja ya Kariobangi South asubuhi ya leo hayakuanzia Nairobi. Sehemu kubwa imetoka milima ya Aberdare, kwenye mito inayoteremka kuelekea Tana. Imekusanywa katika bwawa la Ndakaini huko Murang'a na lile la Sasumua huko Nyandarua, ikasafishwa, ikapitishwa kwenye mabomba hadi Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Yakishaosha sufuria na kufua nguo, maji hayo hayarudi Tana. Yanaingia bomba la majitaka au mtaro wa kando ya nyumba, yanafika Mto Nairobi, na kutoka hapo yanafuata Mto Athi hadi Bahari Hindi, kaskazini ya Malindi. Mtu wa Kariobangi anakunywa Tana na kumwaga Athi.

Hamjambo wasikilizaji, mlioko kwenye karakana za Light Industries, mlioko sokoni, na mnaosikiliza ndani ya matatu mkisubiri barabara ya Outering ifunguke. Mazungumzo ya leo yanahusu jambo hilo: bonde la mto, na jinsi linavyoweza kusimamiwa wakati hakuna ajuaye kwa hakika mvua ya mwaka kesho itakuwaje.

Tuanze na maana. Bonde la mto ni eneo lote la ardhi ambalo mvua ikinyesha, maji yake huishia kwenye mto mmoja. Mlima umo ndani ya bonde. Paa la mabati la Korogocho limo. Barabara ya lami ya Westlands imo. Mto wenyewe ni mahali tu ambapo habari zote za bonde hukutana, zikawa nzuri au mbaya.

Bonde linaloihusu Kariobangi ni dogo. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Unapita katikati ya jiji, unapita Gikomba, unateremka mashariki hadi kati ya Korogocho na Dandora. Mto Mathare na kijito cha Gitathuru vinaleta maji yake upande huu wa Eastlands. Mto Ngong, uliokwisha kupita Kibera na Mukuru, unajiunga mbele zaidi. Kisha vyote vinapita Ruai na kumezwa na Athi. Kwa hiyo anayeishi Kariobangi anaishi chini ya kila mtu wa upande wa magharibi wa jiji. Kinachofanywa huko juu kinamfikia yeye, na anachofanya yeye kinamfikia mkulima wa Machakos na Makueni.

Hapa ndipo lilipo neno la kwanza la mazungumzo haya: usimamizi wa pamoja. Maana yake ni kwamba maji ya kunywa, majitaka, taka ngumu, makao ya watu, mashamba na mafuriko vinaangaliwa kwenye meza moja, kwa sababu mtoni vimo kwenye mkondo mmoja. Je, si ndivyo inavyofanywa siku zote? La, sivyo.

Chukua manholi moja tu. Kifuniko chake ni cha chuma kizito. Usiku mmoja kinang'olewa, asubuhi kinapimwa kwenye mizani ya skrapu, na shimo linabaki wazi katikati ya njia ya kwenda shule. Watoto wanaliruka. Mtu mwema anasimamisha tawi la mti hapo ili wapita njia wasitumbukie. Siku chache baadaye ndani ya shimo kuna mifuko, matambara, nepi, na mchanga uliosombwa na mvua. Bomba linaziba. Majitaka yanapanda, yanatoka juu ya shimo, yanashika mtaro, na kabla ya jioni yako mtoni.

Sasa, hilo ni tatizo la nani? Bomba ni la kampuni ya maji na majitaka ya jiji. Taka zilizoliziba ni jukumu la kaunti. Wizi wa kifuniko ni kazi ya polisi. Biashara ya vyuma chakavu ina sheria yake ya mwaka 2015. Uchafu ukishaingia mtoni ni wa mamlaka ya mazingira, NEMA, na maji ya mto yenyewe yako chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ofisi zote hizo zaweza kuwa na watu wenye bidii, kila mmoja akafanya kazi yake ipasavyo, na bado shimo likabaki wazi. Hilo ndilo pengo ambalo usimamizi wa pamoja unakusudia kuliziba. Suluhu ya shimo lile pengine haiko kwenye idara ya maji kabisa. Iko kwenye kifuniko cha zege au plastiki ngumu ambacho hakuna mnunuzi wa skrapu atakayekitaka.

Wengine watauliza: kwa nini biashara ya skrapu isipigwe marufuku tu? Ilijaribiwa. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nchini kote baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, na miezi michache baadaye ikairuhusu tena. Katika mtaa kama Kariobangi, ambako chuma chakavu na plastiki kuukuu ni riziki ya maelfu ya watu, marufuku ya namna hiyo inamwangukia mwizi na fundi mwaminifu kwa uzito mmoja. Na vijana wanaookota plastiki ni watu wanaoutoa uchafu mtoni. Anayepanga mambo ya mto bila kuwahesabu amewapoteza wafanyakazi wake bora.

Hilo ni la kwanza: pamoja. La pili ni gumu zaidi, nalo ni kutokuwa na uhakika.

Msikilizaji akumbuke miaka ya karibuni. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya 2022, mvua ilipungua misimu mitano mfululizo, na kaskazini na mashariki mwa Kenya mifugo ikafa kwa wingi. Mwaka 2023 Idara ya Hali ya Hewa ikatabiri kwamba vuli ingekuja na El Niño. Oktoba wananchi wakaambiwa kwamba hatari hiyo imepungua. Novemba mafuriko yakaja, na kufikia Desemba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini. Masika ya 2024 yakafuata, na safari hii Nairobi ilipigwa vibaya: Mathare, Mukuru na mitaa mingine ya kandokando ya mito ilijaa maji usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili. Kufikia mwisho wa msimu, waliokufa nchi nzima walikaribia 300.

Ukame wa misimu mitano, kisha mafuriko mara mbili ndani ya miezi sita. Ni mpango gani ulioandikwa mwaka 2019 ungeweza kuyaona hayo yote?

Wala sayansi haitoi jibu moja. Mifumo mingi ya kompyuta inayokadiria hali ya hewa ya miongo ijayo inaonyesha Afrika Mashariki ikipata mvua nyingi zaidi. Lakini vipimo vya masika kuanzia miaka ya 1980 vilionyesha kwa miaka mingi mvua hiyo ikipungua. Wataalamu wamelijadili fumbo hili kwa muda mrefu. Kwa mwenye kujenga daraja au bomba la majitaka, maana yake ni kwamba hawezi kuchagua jibu moja na kulala usingizi.

Tena mvua ni sehemu moja tu ya mashaka. Jiji nalo linabadilika. Sensa ya 2019 iliikuta Nairobi na watu karibu milioni 4.4. Kila shamba la Kikuyu na Ruaka linalogeuka kuwa maghorofa na maegesho ya lami linaondoa ardhi iliyokuwa ikinywa maji. Mvua ile ile iliyokuwa ikichukua muda kufika Eastlands sasa inateremka upesi, na inakuja kwa kishindo. Mtu anaweza kusema mvua imezidi, kumbe kilichozidi ni paa na lami. Ongeza siasa: gavana anabadilika, waziri anabadilika, fedha zilizoahidiwa zinacheleweshwa. Nani atakadiria hayo kwa kompyuta?

Hapo ndipo linapoingia neno la tatu, na ndilo kiini cha mazungumzo ya leo: usimamizi unaojirekebisha. Wazo hili lilipata sura yake miaka ya 1970, kazi ya mwanaikolojia C. S. Holling wa Kanada na wenzake, na kitabu kilichotokana nayo kilitoka mwaka 1978. Walikuwa wakishughulika na misitu na uvuvi, ambako makadirio ya wataalamu yalikuwa yakikosea mara kwa mara. Walichosema ni kwamba kila uamuzi uchukuliwe kama jaribio. Andika unachotarajia kitokee. Pima kinachotokea. Linganisha. Kisha badilisha uamuzi, na andika kwa nini umeubadilisha. Baadaye mradi mkubwa uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uliojulikana kama NeWater, ulilijaribu wazo hilo kwenye mabonde kadhaa ya mito kati ya 2005 na 2009, Mto Nile ukiwa mmojawapo.

Je, hili ni geni kwa watu wa Kariobangi? Mama mboga analifahamu. Akifika kwenye lori la sukuma alfajiri, hanunui mzigo wa wiki nzima. Anatazama wingu, anakumbuka kwamba jana wateja walikuwa wachache, anajua kama ni mwisho wa mwezi au katikati. Ananunua kiasi. Saa nne asubuhi anaona mauzo yanavyokwenda na kuamua kama atamtuma mtoto aongeze fungu au atapunguza bei kabla majani hayajanyauka. Hana uhakika wa siku, ila ana kumbukumbu, ana kipimo, na ana uamuzi aliokwisha kuuwaza kabla jambo halijatokea.

Msikilizaji ayashike mambo hayo matatu: kumbukumbu, kipimo, na uamuzi uliowazwa mapema. Mpango wa mto ukikosa mojawapo, haujirekebishi, unayumba tu.

Mfano mmoja uko huko juu maji ya Nairobi yanakotoka. Mwaka 2017 bwawa la Ndakaini, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, lilipungua sana, na jiji likaanza kugawa maji kwa zamu. Ili kuongeza maji, lilichimbwa handaki la zaidi ya kilomita 11 huko Murang'a, linaloitwa Northern Collector, la kuchota mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kupeleka maji Ndakaini. Lilikusudiwa kuleta lita milioni 140 kwa siku. Watu wa Murang'a walilalamika sana, wakihofia mito yao ingekauka. Kanuni iliyowekwa ni kwamba handaki lichukue maji ya mafuriko, na mto uachiwe kiasi chake cha kawaida kabla tone halijaingia handakini.

Kanuni ya namna hiyo ni bora kuliko ile inayosema jiji lichukue kiasi fulani kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Inafuata hali ya mto. Lakini itasimama imara ikiwa tu kuna mtu anayepima mto kila siku, na ikiwa vipimo hivyo vinaweza kusomwa na mkulima wa Kangema huko Murang'a sawasawa na mhandisi wa Nairobi. Kipimo kikikaa kwenye kabati la ofisi, kanuni inabaki ahadi, na kutoaminiana kunarudi. Hilo ni suala la haki kabla ya kuwa suala la uhandisi. Kariobangi haiwezi kudai maji ya mfereji huku ikifumba macho kuhusu mto ulioyatoa.

Mfano mwingine unatoka mbali. Uholanzi, nchi ambayo kwa karne nyingi imezuia maji kwa kuta, ilipata hofu kubwa mwaka 1995 mito ilipofurika na watu karibu 250,000 wakahamishwa. Baada ya hapo nchi hiyo ilibadili fikira. Badala ya kuongeza urefu wa kuta bila kikomo, ilianza mradi wa kuupa mto nafasi: kusogeza kuta nyuma, kuchimba njia za pembeni za maji, kuhamisha baadhi ya mashamba. Kazi ilifanyika sehemu zaidi ya 30. Waliohamishwa walijadiliana na serikali, walilipwa, na wengine walichora wenyewe mpango mbadala wa mahali pa kujenga. Iliwachukua miaka mingi. Nchi tajiri, ndiyo, lakini jambo la kujifunza hapo halikuwa fedha peke yake.

Turudi nyumbani. Suala la kuupa mto nafasi, huku Eastlands, lina jina linalotia watu baridi: kubomoa.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilisema ukingo wa hifadhi uwe sawa na upana wa mto, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30 kila upande. Sheria nyingine za ardhi na mipango zina vipimo vyake. Matokeo ni kwamba mwenye nyumba kando ya mto anaweza kuambiwa vipimo tofauti na maafisa tofauti, kila mmoja akiwa na karatasi mkononi. Katika hali ya namna hiyo, ni nani atajenga kwa kufuata sheria? Na mpangaji, anayelipia chumba kimoja cha mabati kila mwezi, atajuaje kwamba landilodi wake amejenga ndani ya mto?

Tarehe 4 Mei 2020 matingatinga yaliingia Kariobangi North, eneo linalojulikana kama Sewerage, na kubomoa nyumba za maelfu ya watu. Ardhi ilidaiwa kuwa ya mitambo ya majitaka. Ilikuwa wakati wa korona, kukiwa na amri ya kutotoka nje usiku, mvua ikinyesha, na mahakama ikiwa imetoa amri ya kuzuia ubomoaji. Familia zililala nje. Miaka minne baadaye, baada ya mafuriko ya 2024, amri ya kuondoka ndani ya mita 30 kutoka mtoni ilitolewa, na ubomoaji ukaanza Mathare, Mukuru na kwingineko huku watu wakiwa bado wanaanika magodoro. Familia zilizoondolewa ziliahidiwa shilingi 10,000.

Mitambo ya majitaka ya Kariobangi inahitajika. Imekuwepo tangu miaka ya 1960, na majitaka yanayozidi uwezo wake yanakwenda kwenye mabwawa ya Ruai. Na ni kweli kwamba mtu kulala mita tatu kutoka Mto Mathare ni hatari kwa maisha yake. Hakuna anayebisha. Lakini ubomoaji wa ghafla haujirekebishi na haujifunzi. Haupimi kama waliohamishwa wako salama zaidi huko walikokwenda. Wengi huhamia ukingo mwingine wa mto, kilomita moja chini, kwa kuwa ndipo kodi ilipo nafuu. Hatari imehamishwa, haikuondolewa. Kwa mizani ya usimamizi wa bonde, huko ni kushindwa, hata kama ukingo mmoja unaonekana safi kwenye picha.

Njia nyingine ipo, tena iko jirani. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Wakazi, vyuo vikuu, mashirika na idara za kaunti walikaa pamoja na kuyashughulikia kwa pamoja maji, majitaka, barabara, afya na makazi, nyumba hadi nyumba. Barabara zilizotokana na kazi hiyo zilipitishwa kwa makubaliano, watu wakisogeza wenyewe vibanda vyao. Mpango wa Mukuru haujamaliza shida za Mto Ngong. Umeonyesha tu kwamba mazungumzo yanawezekana katika mtaa wenye msongamano mkubwa.

Sasa ingekuwaje Kariobangi na Korogocho zikiwa na mpango unaojirekebisha? Tuseme kwa ukaribu. Kwenye daraja la juu, kabla mto haujafika kwenye nyumba, kunasimamishwa nguzo iliyopakwa rangi tatu. Vijana wa mtaa wanaoaminika wanalipwa kuisoma saa zote za msimu wa mvua, na kuandika. Maji yakifika rangi ya njano, ujumbe unakwenda kwa wazee wa mtaa, kwa makanisa na misikiti, na kwenye redio za mtaa kama Koch FM ya Korogocho. Milango ya shule fulani, iliyokwisha kutajwa mwezi mmoja kabla, inafunguliwa. Maji yakifika rangi nyekundu, watoto na wazee wanakuwa wameshavuka.

Na vitu vya ndani? Hilo ndilo swali ambalo mipango mingi huliruka. Watu wengi hawaondoki usiku wa mvua kwa sababu wanahofia kuibiwa godoro, gesi na televisheni, ambavyo ndivyo akiba yao yote. Mpango usiosema ni nani atalinda nyumba usiku huo haujaandikwa na mtu anayeujua mtaa. Ndiyo sababu mpangaji wa chumba kimoja anapaswa kukaa kwenye meza ile. Ana habari ambayo mhandisi hana.

Msimu ukiisha, daftari la nguzo linafunguliwa. Maji yalipanda kwa muda gani? Onyo lilitoka mapema au lilichelewa? Rangi ya njano iko juu mno? Basi inashushwa. Ukingo uliofurika kila msimu kwa miaka mitatu unajulikana kwa ushahidi, na familia za hapo ndizo zinazoanza kutafutiwa makao kwa utaratibu, kwa fidia na kwa notisi. Zile zilizo mbali na maji hazisumbuliwi kwa ajili ya kamba ya kupimia tu.

Baadhi ya kazi hii wananchi wameianza bila kungoja mtu. Huko Korogocho kundi la vijana la Komb Green Solutions limeugeuza ukingo uliokuwa jaa la taka kuwa bustani ya watu wote. Ukingo wenye bustani ni ukingo ambao maji yanaweza kupanda juu yake bila kuua mtu. Pia ni ukingo wenye wenyewe, na mahali penye wenyewe si rahisi kumwagwa taka usiku.

Linabaki suala la kumbukumbu, na hapa Nairobi ina udhaifu mkubwa. Mwaka 1999 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, lilianzisha na wenzake mpango wa bonde la Mto Nairobi. Kuanzia 2008 waziri John Michuki alisafisha sehemu ya mto katikati ya jiji, na bustani ya hapo leo ina jina lake. Mwaka 2018 majengo makubwa yaliyokuwa juu ya mito yalibomolewa. Mwisho wa 2022 ikaundwa Tume ya Mito ya Nairobi, na mwaka 2025 ukazinduliwa mpango mwingine wa kuufufua mto hadi Ruai. Kila mara kuna nguvu mpya na nia njema. Kinachokosekana ni daftari moja linaloendelea: mwaka ule tulijaribu hiki, tulitarajia hiki, kikatokea kile. Bila daftari hilo kila mpango unaanza kwenye ukurasa mtupu, na kosa la waliotangulia linalipiwa tena na watu wale wale wa ukingoni.

Jaa la Dandora ni ushahidi. Lilitangazwa kujaa mwaka 2001. Taka zimeendelea kupelekwa hapo, kando ya mto, chini ya kila mpango uliotajwa. Kusafisha mto katikati ya jiji na kuliacha jaa hilo ni kufua nguo na kuianika matopeni.

Sheria je, inaruhusu haya? Inaruhusu. Sheria ya Maji ya 2016 inawezesha nchi kugawanywa kwa mabonde, yakiwemo la Athi na la Tana. Inatambua kamati za mabonde na vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Tatizo ni kwamba vyama hivyo vilikaa vizuri zaidi mashambani, ambako mtumiaji ni mkulima anayechota mto kwa pampu. Eastlands mtumiaji ni nani? Anayenunua maji kwa mtungi kutoka Tana na kuishi kando ya Athi haonekani vizuri kwenye daftari la bonde lolote. Ni lazima atafutiwe nafasi, kwa sababu ndiye anayefikiwa na mafuriko kabla ya wengine.

Na huko chini wako wengine wanaongoja. Kwenye makutano ya mito ya Athi na Thwake, kati ya Makueni na Kitui, linajengwa bwawa kubwa la Thwake, la maji ya kunywa, kilimo na umeme. Watakaokunywa maji hayo watakunywa kilichopita Kariobangi. Kila manholi inayofurika hapa inaongeza gharama ya kusafisha maji kule, na kuna madini mazito ya viwandani ambayo mitambo ya kawaida haiyaondoi kwa urahisi. Kwa hiyo fedha za kuziba mashimo ya Eastlands zingefaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya gharama ya bwawa la Thwake.

Hapa pana tahadhari moja. Neno kutokuwa na uhakika linaweza kugeuzwa kichaka cha kujifichia. Ofisa anaweza kusema utafiti unaendelea, hali haijaeleweka, tungoje. Lakini mambo mengi ya Mto Nairobi yanaeleweka kabisa. Majitaka yasiyosafishwa yanaleta kipindupindu na homa ya matumbo, mvua ikiongezeka au ikipungua. Jaa la taka kando ya mto ni kosa chini ya kila utabiri. Bomba lililopasuka ni la kuziba leo. Kujirekebisha kunahusu yale yasiyojulikana: upana wa ukingo unaofaa mahali hapa, ukubwa wa mtaro wa miaka thelathini ijayo, kiasi cha maji ya kuchota Murang'a mwaka wa kiangazi. Kwa hayo, hatua ndogo zinazoweza kubadilishwa ni bora kuliko ukuta mmoja mkubwa wa zege uliojengwa kwa kukisia.

Kujirekebisha pia kuna gharama yake. Fungu la kupimia ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikibana, kwa kuwa halina jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa. Basi wananchi wanapoitwa kwenye vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, haki wanayopewa na Katiba ya 2010, swali la kuuliza halihitaji utaalamu: mwaka huu ni nani atakayelipwa kuusoma mto, vipimo vyake vitabandikwa wapi, na ni tarehe gani mpango utafunguliwa tena mbele ya watu ili urekebishwe?